Mfuko Hupimwa kwa Safari Zake
Hotuba kwa wafanyabiashara wa sokoni na mafundi cherehani, Mbeya

Mugonile, ndugu zetu. Na ninyi mliotoka Iringa na Mafinga, kamwene.

Waheshimiwa viongozi wa soko, mama zetu wa magenge, wenye bucha, wauza nafaka, mafundi cherehani na vijana wa bodaboda, tumewaita pamoja kwa sababu mfuko mmoja hupita mikononi mwenu nyote. Fundi anaushona, muuzaji anautoa, mteja anaubeba, bodaboda anauning'iniza kwenye usukani. Ukikatika njiani na viazi vikatawanyika barabarani, kila mmoja humtazama mwenzake.

Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mwisho wa kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni tarehe 31 Mei. Kuanzia Juni mosi marufuku ikashika, na haikujali unene wa mfuko. Adhabu mnazijua. Anayekutwa akiutumia, faini ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Anayeuza au kugawa, ni kati ya 100,000 na 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Rambo zikaondoka madukani, na wenye ng'ombe wa maziwa kule Rungwe wanajua faida yake. Ng'ombe akimeza nailoni haimeng'enyeki. Hujiviringisha tumboni, nafasi ya majani ikapungua, mnyama akakonda huku ubavu wake unaonekana umeshiba.

Lakini tuambiane ukweli. Rambo iliondoka, desturi yake ikabaki. Mteja ananunua viazi anapewa mfuko mbadala mwepesi unaopasuka kabla hajafika stendi. Ananunua nyanya anafungiwa kwenye kifungashio cheupe kinachoonesha ndani, ambacho NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilishasema si cha kubebea. Jioni vyote viko mtaroni, na mji wetu umekaa mlimani: mvua ikipiga, kilichotupwa juu kinaziba kalavati la chini. Mfuko uliotumika mara moja ni taka, uwe wa nailoni, wa karatasi au wa pamba. Kwa hiyo kila mfuko mtakaouona mezani hapa leo tutauuliza swali moja tu: wewe utakwenda sokoni na kurudi mara ngapi?

Swali hili lina hesabu yake. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliopima mchango wa kila aina ya mfuko katika joto la dunia, tangu malighafi hadi kutupwa. Kipimo chao kilikuwa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Ili madhara yake yasiuzidi huo, mfuko wa karatasi ulipaswa kutumika mara 3. Mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa ila haukufumwa, mara 11. Mfuko wa pamba, mara 131. Pamba inakula shamba, maji, mbolea na umeme wa kiwanda kabla haijawa uzi, na uzito wa mfuko wake ni mara kadhaa ya uzito wa rambo. Utafiti ule haukuhesabu ng'ombe wala mitaro, kwa hiyo hautufundishi kurudia rambo. Unatufundisha kwamba mama anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki anahitaji mwaka mmoja na miezi mitatu ili mfuko wake wa pamba ulipe deni lake. Mshono ukiachia mwezi wa pili, deni limebaki. Ndiyo maana leo tutakaa sana kwenye mshono.

Tuanze na mfuko mbadala, maana ndio uliotapakaa. Wengi wanauita mfuko wa kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ileile ya viroba, ila nyuzi zake zimetandazwa na kubandikwa kwa joto badala ya kufumwa. Ukiuchana polepole utaona manyoya yanatoka kila upande. Kiwango kinachotakiwa nchini ni gramu 70 kwa mita ya mraba, ile inayoandikwa GSM 70. Anayeuza ya chini ya hapo anakuuzia rambo iliyovaa kanzu.

Huhitaji maabara kuijua. Mizani yako ya dijitali inatosha. Chukua mfuko bapa wa sentimita 35 kwa 40, ule usio na upana chini. Pande zake mbili ni mita ya mraba 0.28. Kwa gramu 70, kitambaa peke yake ni gramu 19.6, bado pindo na mikono. Mfuko mmoja ni mwepesi mno kwa mizani ya dukani, kwa hiyo pima kumi kwa pamoja. Kumi zikija chini ya gramu 200, zirudishe kwa aliyekuuzia. Kwa saizi nyingine, zidisha upana kwa urefu kwa mita, zidisha kwa mbili, kisha kwa 70. Tunaomba kila mwenye duka la jumla afanye hivyo mbele ya msambazaji kabla ya kulipa. Akikataa mizani, umeshapata jibu.

Mfuko huu una adui wawili. Jua huulegeza: ukining'inizwa kibarazani miezi mitatu hukauka na kuanza kumeguka kama gamba la kitunguu, kwa hiyo uoshe kwa maji ya vuguvugu na uuanike kivulini. Na usiupige pasi, maana polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na hujikunja kabla ya kufika hapo. Ukitunzwa hivyo, safari 11 ni wiki tano na nusu tu kwa mama yule wa mara mbili kwa wiki. Mfuko wa GSM 70 ulioshonwa vizuri unazipita hizo bila taabu.

Sasa mafundi, sogeeni.

Kitambaa bora kuliko vyote ni kile ambacho tayari kipo. Jinzi za mitumba zilizochoka magotini, mapande yanayobaki chini ya meza ya kukatia, mapazia ya zamani, mashuka ya drili. Deni la pamba hiyo alishalilipa aliyeivaa. Mguu mmoja wa jinzi ya mtu mzima, ukiushona chini na kuuwekea kamba, unabeba kilo tatu za unga bila kulalamika.

Kwa anayenunua kitambaa kipya, chukua drili au turubai jepesi la pamba lenye upana wa sentimita 150. Kioshe na kukianika kabla ya kukata. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pamba mpya hurudi, yaani husinyaa, inapooshwa mara ya kwanza, uzi wa plastiki haurudi, na mfuko unatoka kwenye kamba ya kuanikia ukiwa umekunjamana kila mshono. Ongeza sentimita 10 juu ya kipimo kwa ajili hiyo.

Mita moja iliyokwisha kurudi inatoa mifuko mitatu bila kipande cha kutupa. Kata vipande vitatu vya sentimita 40 kwa 100. Utabaki na utepe wa sentimita 30 kwa 100. Ugawe mara tatu kwa urefu, kila utepe sentimita 10, halafu kata kila mmoja katikati. Umepata mikono sita ya sentimita 50, miwili kwa kila mfuko. Kitambaa chenye upana wa sentimita 115, kama vitenge vingi, kinatoa mifuko miwili na mikono yake, na kipande cha sentimita 15 kinabaki. Kitenge peke yake ni chepesi mno kwa viazi; kiwe mara mbili, au kiwe cha mkate na mboga za majani.

Mikono kwanza. Kunja kingo mbili zikutane katikati, kunja tena, upate utepe wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne. Shona kingo zote mbili, siyo moja.

Kisha mbavu. Kunja kile kipande kirefu katikati, upande wa nje ukiwa nje, na ushone nusu sentimita kutoka ukingoni. Geuza ndani nje, bonyeza, ushone tena sentimita moja. Ukingo mbichi umefungiwa ndani, hauwezi kuchambuka ukioshwa. Fundi anayeruka hatua hii anaokoa dakika nne na kupoteza mfuko. Tumefungua mifuko mingi iliyokufa mapema, na karibu yote inaonyesha alama ileile ubavuni: uzi mzima kabisa, kitambaa ndicho kilichochambuka na kuutoroka.

Chini, panua pembe ilale kama pembetatu, pima sentimita 5 kutoka nchani hadi upate mstari wa sentimita 10, na ushone mara mbili. Usiikate pembe ile. Ilaze juu ya kitako na uishikize, maana ndipo mfuko unaposuguana na sakafu ya daladala. Mdomoni kunja sentimita 1, halafu 3.

Sasa ncha za mikono, na hapa naomba mtazame kwa karibu. Mfuko huu wa kushoto, mkono umeshonwa juu ya pindo kwa mstari mmoja. Vuteni. Mnaona matundu ya sindano yanavyopanuka na kuwa mdomo? Uzito wote wa viazi umelala kwenye mstari wa sentimita mbili na nusu. Huu wa kulia, ncha ya mkono imeingizwa sentimita 3 chini ya pindo, ikashonwa pamoja na pindo, kisha mkono ukapandishwa juu na kushonwa mraba wenye msalaba ndani yake. Uzito sasa umegawanyika kwenye mistari sita. Hapo kuna tabaka zaidi ya kumi za drili, kwa hiyo usikanyage pedali. Zungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono, la sivyo utavunja sindano na kumlaumu muuza sindano. Acha sentimita 12 kati ya ncha na ncha.

Sindano iwe namba 16, uzi uwe wa polyester, hatua ya mshono milimita 3. Uzi wa pamba wa kushonea gauni hauvumilii unyevu wa kwetu, huoza kabla ya kitambaa. Na kwa mfuko mbadala, msibane mishono. Mshono wa milimita moja na nusu kwenye kitu kisichofumwa unafanya kazi ya matundu ya stempu: umeuonyesha mfuko pa kuchanikia.

Mfuko uliomalizika una kitako cha sentimita 27 kwa 10 na kimo cha 41, lita 11 hivi, ambayo ni viazi kilo saba bila kulundika. Kabla ya kukabidhi kazi, chukua mawe mawili ya mizani ya kilo tano, yafunge kwenye kitambaa yasitoboe, yatie ndani, nyanyua na kutikisa mara ishirini. Halafu uchunguze zile ncha nne za mikono. Tundu la sindano likiwa limefunguka, rudi mezani. Tunajaribu kwa kilo kumi ili mteja abebe saba kwa amani.

Viroba tutavisema kwa ukali kidogo, tusameheane. Kiroba cha unga wa ngano, sukari au mchele wa Kyela ni malighafi nzuri mno, na hapa kwetu vipo kila duka. Kata kimoja cha kilo 50 katikati kwa upana. Nusu ya chini ina kitako chake, nusu ya juu utaishona. Ukingo wake unachambuka haraka kwa sababu ni tepe zilizofumwa, kwa hiyo pindo likunjwe mara mbili, sentimita mbili kila mara. Kiwekwe mbali na jua, kama mfuko mbadala.

Lakini kiroba cha mbolea kisibebe chakula. Kisioshwe kikabeba chakula, kisigeuzwe ndani nje kikabeba chakula. Nyanda hizi zinatumia urea, DAP na CAN kwa wingi, na kila msimu viroba vitupu vinarudi sokoni vikiwa na mchele na maharage. Chembechembe za mbolea hukaa ndani ya ufumaji na kwenye mshono wa kitako, na maji ya ndoo moja hayazitoi. Vibaya zaidi ni kile kilichokaa stoo pamoja na viuatilifu, maana hakina harufu ya kukuonya. Kibebe mkaa, samadi, au mchanga wa ujenzi. Mama zetu mnaonunua viroba vitupu kwa bei ya jumla, angalieni maandishi ya nje. Yaliyofutwa kwa makusudi, msinunue.

Kikapu cha milulu cha Iringa hakihitaji wakili. Akina mama wa Kihehe wamekuwa wakikifuma kwa majani ya kinamasi tangu kabla plastiki haijazaliwa, na kilichofumwa kwa kubana kinadumu miaka. Adui yake ni ukungu. Huku mvua zinaanza Novemba na kutuacha Mei, na Tukuyu ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, hivyo kikapu kikilowa kisiwekwe sakafuni wala kufunikwa. Kitundike penye upepo kikiwa kitupu. Kikichafuka, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kukizamisha kwenye beseni kunalegeza mafumo. Mkono wake ukikatika, uzungushie ngozi au kitambaa upya. Wengi hutupa kikapu kizima kwa ajili ya mkono.

Karatasi ina nafasi yake, na ni ya kwetu: miti ya misindano ya Mufindi ina nyuzi ndefu, ndizo zinazoipa karatasi ya kaki ugumu wake, na kiwanda cha Mgololo kinaitengeneza. Mkate, majani ya chai, sukari kilo moja, maharage makavu, sawa kabisa. Viazi vyenye udongo mbichi au kabichi iliyoloa, hapana. Kaki ikilowa, gundi ya kitako huachia kwanza, na mzigo wote hushuka kwa mara moja.

Wenye bucha na wauza samaki, ninyi ndio mliopata taabu zaidi marufuku ilipokuja, na hatutawapa jibu la juujuu. Nyama isifungwe kwenye gazeti. Wino si kiungo. Isitiwe pia moja kwa moja kwenye mfuko wa kitambaa utakaobeba matembele kesho, kwa sababu damu huingia kwenye uzi na vijidudu hubaki humo hata baada ya kukauka. Kinachofaa ni chombo chenye mfuniko, kidumu kilichokatwa vizuri au ndoo ndogo ya lita mbili iliyokuwa na siagi au mafuta. Mteja anakuja nacho. Pima chombo kitupu kwanza, rudisha mizani sifuri, ndipo utie nyama, na mteja awe anaona. Mashaka ya mizani ndiyo yanayofanya wateja waogope kuja na vyombo. Kule Tukuyu jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika linafunga samaki vizuri kuliko gazeti lolote.

Kuosha: mfuko wa pamba, mara moja kwa wiki kwa sabuni na maji ya moto, ugeuzwe ndani nje, uanikwe juani hadi mshono wa chini ukauke kabisa. Unyevu unaobaki pale chini ndio unaoleta harufu.

Linabaki tatizo ambalo fundi hawezi kulishona: mfuko uliosahaulika nyumbani. Dawa ya nyumbani ni msumari nyuma ya mlango, mfuko ukitolewa vitu unarudi msumarini hapohapo. Bodaboda akiwa na mmoja chini ya kiti, amemsaidia abiria na amepata mteja wa kudumu. Dawa ya dukani ni amana, na inataka hesabu sahihi.

Tuseme mfuko umekugharimu shilingi 2,000. Mteja aliyesahau wake anaweka 2,500. Akiurudisha mzima na mkavu unampa 2,000, mia tano inabaki ya kuosha na kurekebisha. Ukizunguka mara nne umejilipa, na bado upo. Asiporudi, hujapoteza, umeuza mfuko. Amana hufa pale muuzaji anapomhurumia mteja na kumtoza 500: mteja haoni sababu ya kurudi, na kila mfuko unaoondoka ni hasara ya 1,500. Hufa pia mifuko ikifanana. Jirani anaanza kurudishiwa yako, wewe yake, na ugomvi unaingia sokoni. Chora alama ya rangi ya mafuta ndani ya pindo, na uwe na daftari la safu mbili, iliyotoka na iliyorudi. Magenge matano yakikubaliana alama moja na amana moja, mteja anachukua kwa mmoja na kurudisha kwa mwingine, mnafungua daftari Jumamosi jioni na kulipana.

Neno moja kwa wakulima wa miche. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche ya parachichi na misindano, ni plastiki na sheria imeviruhusu kwa kilimo. Mnapopanda, chaneni kiriba mkitoe chote. Mizizi ikibaki ndani huzunguka na kujinyonga. Kisha vikusanyeni kwenye kiroba kimoja pembeni mwa shamba. Msivichome, na wala msiwashie mkaa jikoni. Moshi ule mama anauvuta yeye na mtoto wa mgongoni.

Kuna cherehani mbili pale ukutani na drili iliyokwisha kuoshwa ya mifuko thelathini. Vielelezo vya kukatia viko juu ya boksi, vimechorwa kwa saizi halisi. Wenye mizani ya dijitali waziweke kwenye meza ya kati, tuanze na ile mifuko mbadala mliyokuja nayo, kumi kumi. Na mawe ya kilo tano tunaomba kwa wauza nafaka, tunahitaji mawili tu.